Kuta za Nebamun na Majabali ya Kolo

Yapata mwaka 1350 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, katika mji wa Thebes nchini Misri, aliishi karani aitwaye Nebamun. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nafaka za hekalu la Amun. Hakuwa mfalme wala waziri, lakini alimudu kuchongesha kaburi mwambani na kuwaajiri mafundi wa kulipamba. Mafundi wa makaburi hayo walizikandika kuta kwa udongo uliochanganywa na makapi, wakazipaka jasi, kisha wakapiga mistari kwa uzi uliochovywa katika ngeu, kama afanyavyo seremala wa vyombo. Katika kaburi la Nebamun wakachora karamu na wacheza ngoma, bustani yenye kidimbwi cha samaki, na mwenyewe akiwinda ndege mtoni pamoja na mkewe, bintiye na paka.

Hayo hayakuwa mapambo matupu. Wamisri waliamini kwamba aliyechorwa mbele ya chakula haoni njaa, na kwamba jina la maiti likitamkwa, mwenyewe yu hai. Walio hai nao walikuwa na wajibu: kumpelekea marehemu mkate na pombe.

Miaka elfu tatu baadaye picha hizo zilibanduliwa ukutani, na mwaka 1821 British Museum ya London ikanunua vipande vyake. Kaburi lenyewe halijulikani lilipo hadi leo. Jina limebaki, nyumba imepotea.

Njia kuu iliyokusudiwa kuunganisha Rasi ya kusini na Cairo hupita Dodoma. Mtu atokaye Mkonze, pembezoni mwa jiji hilo, akaishika njia hiyo kuelekea kaskazini, huipita Kondoa mjini na kufika Kolo. Huko mambo yamepinduka: mahali papo, majina hayapo. Chini ya majabali yaliyoinama kama vibaraza, wawindaji wa kale walichora kwa rangi nyekundu twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Juu yake, katika zama za karibu zaidi, wakulima wakapaka picha zao nyeupe.

Mary Leakey alizinakili nyingi mwaka 1951, na mwaka 1983 akazitolea kitabu. Katika picha moja ya Kolo mtu wa katikati amekamatwa mikono na wenziwe pande zote mbili. Leakey aliona humo mtu anayetekwa. Wataalamu wengine, wakikumbuka ngoma ya simbo ya Wasandawe, wanaona mganga aliyepandwa na nguvu, na wenziwe wakimshika asianguke. Picha ni ile ile, lakini kwa mmoja ni uadui na kwa mwingine ni huruma. Penye jina la mchoraji pangekuwa na wa kuulizwa.

Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza majabali ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo ndipo penye mgogoro. Mungumi wa Kolo ni mahali ambapo Warangi huomba mvua na kutafuta uponyaji, na katika tambiko hilo pombe ya kienyeji humwagwa jabalini. Mhifadhi huona rangi ikichujuka. Mwenye tambiko huona mwamba ukilishwa. Wote wawili wana hoja, kwani picha ikifutika hairudi, na mahali pakikatazwa watu wake, hubaki jiwe lenye doa.

Msomaji wa pwani hahitaji kufunzwa uchungu huu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alizitazama nyumba za Pate zilizobomoka, na zidaka zilizokuwa zimepangwa vyombo vya kaure zikiwa makao ya ndege. Alijua kwamba ukuta haubomolewi na mvua peke yake. Huanza kubomoka siku wanapokosekana wa kuingia na kutoka.

Vipande vya Nebamun viko London nyuma ya kioo, havipati jua wala vumbi. Wageni huvitazama kwa mapenzi, lakini mkate na pombe alivyovitarajia karani yule vilikoma kuletwa zamani sana. Kolo, mvua inapochelewa, pombe bado hupelekwa mwambani.