Ramani za Philadelphia na Haki ya Kuulizwa

Wasomaji wengi wa ramani za kale huzipokea kama mashahidi waadilifu, ambao kazi yao ni kutueleza jinsi mji ulivyokuwa katika mwaka fulani, njia zake zilipita wapi na mto wake ulipinda vipi. Na mtazamo huo, ijapokuwa una manufaa yake, hauzitoshi ramani za mji wa Philadelphia na nchi ya Pennsylvania iliyouzunguka. Mimi nazichukulia kuwa hati za madai, zilizoandikwa na watu waliotaka ardhi iwe hivi au vile, na kwa sababu hiyo hukumu juu yake haikamiliki kwa kupima usahihi wa mistari peke yake, pasi na kuuliza ni akina nani walioshauriwa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, aliyekuwa akidaiwa pauni 16,000 na marehemu Admeli William Penn, alilikidhi deni hilo kwa kumpa mwana wa marehemu, naye pia akiitwa William Penn, nchi kubwa iliyo magharibi ya mto Delaware, ambayo mfalme hakupata kuiona, na ambamo Walenape walikuwa wakilima mahindi na kuvua samaki tangu zama za mababu zao. Penn akamtuma Thomas Holme awe mpima ardhi mkuu, na mwaka 1683 rasimu ya Holme ikapigwa chapa London: mstatili wa maili mbili kwa moja baina ya mito ya Delaware na Schuylkill, njia zake zikikatana kwa pembemraba, mbili zilizo kuu zikiwa na upana wa futi 100, uwanja wa ekari 10 ukiwa katikati, na katika kila robo ya mji uwanja wa ekari 8. Vipande vya kujengea vimetiwa nambari, nazo zafuatana na orodha ya majina ya wanunuzi. Mtu aitazamaye bila kujua tarehe yake atadhani ni mji uliokwisha simama, ilhali sehemu kubwa ya mstatili ule ilikuwa ingali msitu. Ilikuwa nadi ya biashara iliyovikwa joho la elimu. Ramani ya jimbo zima aliyoitoa Holme yapata mwaka 1687 iliendeleza mwenendo huo huo, kwa kuijaza nchi majina ya Waingereza walionunua mashamba.

Walowezi wenyewe hawakuitii rasimu kwa haraka. Bandari ilikuwa Delaware, na huko ndiko walikosongamana, wakiyakatakata mafungu makubwa ya Penn na kupenyeza vichochoro ambavyo Holme hakuvichora. Na ramani waliyoitoa Matthew Clarkson na Mary Biddle mwaka 1762, bibi huyu akiwa binti wa mpima ardhi Nicholas Scull, yaonyesha bayana jinsi nyumba zilivyoung'ang'ania ukingo ule. Walakini madai ya karatasi hayakufa. Uwanja wa katikati ulingoja hadi mwaka 1871 ndipo jumba la serikali ya mji lilipoanza kujengwa juu yake, kazi iliyokwisha mwaka 1901, na kileleni ikasimamishwa sanamu ya Penn.

Nje ya mji, kalamu ilitenda dhuluma iliyo wazi zaidi. Wana wa Penn, waliorithi nchi pamoja na madeni, walitoa hati waliyodai kuwa ni ya mwaka 1686, isemayo kwamba Walenape waliuza ardhi ya umbali awezao mtu kutembea kwa siku moja na nusu. Na mchoro walioonyeshwa Walenape ulipangwa hata wakaamini kuwa mpaka ungekomea kwenye kijito cha Tohickon, kilicho karibu, hali ilikuwa imekwisha azimiwa kuuvuka mto Lehigh. Alfajiri ya tarehe 19 Septemba 1737 watu watatu waliokodiwa kwa wepesi wao, Edward Marshall, James Yeates na Solomon Jennings, waliondoka Wrightstown kwa njia iliyokwisha fyekwa. Walenape waliofuatana nao wakalalamika kwamba huko ni kukimbia na wala si kutembea. Wawili katika wale watatu wakashindwa, na Marshall akafika peke yake adhuhuri ya siku ya pili, amekwisha kata zaidi ya maili 60. Hapo mpima ardhi Benjamin Eastburn, badala ya kurudi mtoni kwa njia ya mkato, alichora mstari wa pembemraba uliokwenda kukutana na Delaware mbali sana upande wa kaskazini, na kwa mstari huo mmoja nchi ambayo hata miguu ya Marshall haikuizunguka ikamezwa. Wako wanaoitenga hila hii na uungwana wa Penn baba, ambaye kweli alinunua ardhi kwa mapatano. Lakini nchi ilikuwa imekwisha chorwa kuwa tupu tangu siku za Holme, na wana walikuta karatasi imewatayarishia njia.

Kinyume cha hayo ni kazi ya W. E. B. Du Bois, aliyeitwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896 awachunguze watu weusi wa Kata ya Saba, na akaenda kukaa katika kata hiyo hiyo pamoja na mkewe. Alibisha mlango baada ya mlango, akauliza kazi, kodi, elimu na mahali pa kuzaliwa, akahesabu watu 9,675. Na ramani iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1899, The Philadelphia Negro, yatia rangi nyumba moja moja kwa kadiri ya hali ya wakaao ndani. Insafu yataka tukiri kwamba tabaka la chini kabisa aliliita la waovu na wahalifu, naye ndiye aliyekuwa kadhi wa pekee katika shauri hilo. Hata hivyo, ambapo matajiri wa mji waliona doa moja la giza, yeye alionyesha wapishi, wachukuzi, walimu na wenye maduka wakipakana ukuta kwa ukuta, na hakuna mchoro wa awali wa Philadelphia niujuao uliojengwa juu ya majibu mengi hivyo ya wale waliochorwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wapangaji wa mji walichora barabara kuu ya magari kufuata South Street, mpaka wa kusini wa kata ile ile. Mstari huo ulidhuru kabla ya kujengwa, kwa kuwa wenye nyumba waliacha kuzitengeneza na wenye maduka wakahama. Lakini wakazi, weusi kwa weupe, wakiongozwa na Alice Lipscomb na George Dukes, waliupinga kwa miaka mingi, hata katika miaka ya 1970 ukafutwa. Naonelea karatasi za barabara hiyo isiyojengwa ziwekwe pamoja na rasimu ya Holme katika kila mkusanyo wa ramani za mji huu, kwani zote zilichora kisichokuwapo, ila hizi zilikuta wenyeji ambao kukataa kwao kulisikizwa.