Malori Yaliyosimama Utah

Mwishoni mwa Machi 1970, malori yaliyobeba mali ya timu moja ya besiboli yalisimama Utah, magharibi mwa Marekani. Ndani kulikuwa na vifaa vya Seattle Pilots. Timu ilikuwa imemaliza mazoezi ya kabla ya msimu kule Arizona, na mechi ya kwanza ilikuwa imebakisha wiki moja. Madereva walikuwa wanangoja kuambiwa waelekee wapi. Wakiambiwa kaskazini-magharibi, basi ni Seattle, nyumbani. Wakiambiwa mashariki, ni Milwaukee, na nyumbani hakuna tena.

Nimewawaza hao madereva kuliko inavyomfaa kijana wa Umoja ambaye hajawahi kushika mpira wa besiboli mkononi.

Nilikutana nao kazini. Mwaka wa tatu chuoni karo ilinishinda, jina langu likakosekana kwenye orodha ya mtihani, nikarudi mtaani na laptop na kuanza kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Ndiyo, zile. Wao walipata gredi, mimi nikapata pesa ya rent. Usiku mmoja nikaletewa kazi: kurasa nane kuhusu viwanja vinavyojengwa kwa ushuru wa wananchi, mfano Seattle, mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Nilimaliza saa kumi. Masaa mawili yaliyobaki yalikuwa ya kulala. Nikaendelea kusoma.

Pilots walianza mwaka wa 1969. Mechi yao ya kwanza nyumbani waliichapa Chicago White Sox 7–0, na hapo ndipo raha ilipoishia. Uwanja wao, Sick's Stadium, ulikuwa mzee, na siku ya kufungua mafundi walikuwa bado wanafunga viti huku mashabiki wakingoja mahali pa kukaa. Watu wakijaa, presha ya maji ilishuka na vyoo vikagoma. Mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Kufikia mwisho wa msimu walikuwa wameshinda mechi 64 na kupoteza 98, na wenye timu hawakuwa na pesa.

Lakini shabiki hahesabu hivyo. Timu ikishapoteza mechi 98, shabiki anasema ni mwaka wa kwanza, tungoje wa pili. Baridi yote ile Seattle walikuwa wakingoja wa pili.

Tarehe 31 Machi 1970 mahakama ikatangaza kwamba timu imefilisika na inaweza kuuzwa. Mnunuzi alikuwa Bud Selig, muuza magari wa Milwaukee, kwa dola milioni 10.8. Malori yakaelekea mashariki. Wiki moja baadaye Milwaukee ilikuwa na timu mpya inayoitwa Brewers, na kwa sababu hakukuwa na wakati wa kushona jezi, walibandua neno Pilots kifuani na kushona jina jipya hapo hapo. Wakafungua msimu kwa kupigwa 12–0, na hakuna aliyejali. Milwaukee nayo ilikuwa na kidonda chake: timu yao ya zamani, Braves, ilikuwa imehamia Atlanta baada ya msimu wa 1965. Furaha yao ilitoka mfukoni mwa wengine, kama wao walivyoporwa.

Hadithi nyingi za mashabiki huishia hapo. Timu imeenda, watu wanalia, mtu anahifadhi kofia kabatini. Kilichoninyima usingizi ni kile Seattle walifanya baadaye. Walienda kortini.

Walikuwa na sababu. Mwaka wa 1968 wapiga kura wa King County walikuwa wamekubali kugharamia uwanja mpya wenye paa. Walitimiza upande wao, halafu timu ikaondoka. Kwa hivyo jimbo la Washington, kaunti na jiji wakaishtaki ligi nzima, American League. Slade Gorton ndiye aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Wakili aliyeisimamia kesi mahakamani ni William Dwyer. Miaka ikapita. Ni mapema 1976 ndipo kesi ilipoanza kusikizwa, mjini Everett, na kabla haijafika mwisho ligi ikakubali kuipa Seattle timu nyingine. Hiyo timu ni Mariners.

Hapo ndipo niligundua nimekuwa nikilielewa vibaya neno matumaini. Kwetu matumaini ni kitu cha kukaa nacho. Unavumilia, unaomba, unaambiwa subira huvuta heri. Seattle walisubiri pia, lakini wakisubiri na faili mkononi. Matumaini yao yalikuwa na namba ya kesi.

Mariners walicheza mechi yao ya kwanza tarehe 6 Aprili 1977, ndani ya ule uwanja wenye paa, Kingdome. Wakapigwa 7–0. Ni kama mtu alichukua yale matokeo ya Pilots ya 1969 akayageuza. Na aliyepewa kuurusha mpira wa kwanza ni Diego Seguí, Mcuba wa miaka 39 ambaye aliwahi kuichezea Pilots. Ndiye mchezaji pekee aliyevaa jezi za timu zote mbili. Msimu huo wote hakushinda mechi hata moja. Rekodi yake ni 0–7. Lakini alikuwepo. Ule mji uliambiwa hauna timu tena, na mtu wa timu ile ile iliyokufa ndiye aliyesimama pale katikati kuanzisha nyingine.

Nisikudanganye kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Misimu 14 ya kwanza, kila mmoja ulikwisha wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Mwaka wa 1995 uvumi wa kuhama ulikuwa umerudi, na Septemba wapiga kura wakakataa, kwa tofauti ndogo sana, kuongezwa ushuru wa kujenga uwanja mpya. Halafu tarehe 8 Oktoba, mechi ya kuamua dhidi ya New York Yankees, awamu ya 11, wakiwa nyuma 5–4, Edgar Martínez akaupiga mpira upande wa kushoto. Joey Cora akaingia, matokeo yakawa sawa. Nyuma yake Ken Griffey Jr. alikimbia kutoka kituo cha kwanza hadi nyumbani bila kusimama. 6–5. Baadaye walitolewa na Cleveland, lakini mwezi huo huo bunge la jimbo likapitisha pesa za uwanja. Timu ikabaki.

Hadi leo, kati ya timu 30 za ligi kuu, Mariners ndio pekee ambao hawajawahi kucheza fainali, ile inayoitwa World Series. Mwaka jana walikaribia. Mechi ya saba dhidi ya Toronto ilichezwa tarehe 20 Oktoba 2025, kwetu ilikuwa alfajiri ya kuamkia 21. Hapa nchi ilikuwa imetoka kumzika Raila, na sikukuu ya Mashujaa ilikuwa imepita kimya kimya. Nilitazama kwa simu, bundles zikiisha. Seattle walikuwa mbele 3–1 na walihitaji kuwatoa wapigaji 8 tu. Kisha George Springer akaupiga mpira hadi nje ya uwanja, wachezaji watatu wakaingia, 4–3. Nje makanga walikuwa wameanza kuita watu wa tao. Nikazima simu nikajilaza, nikijiona mjinga kulia kwa ajili ya mji ambao hata viza yake siwezi kulipia.

Sasa ni Machi tena. Mashabiki wa Seattle wanasema ni mwaka huu, na mimi nasema nao. Mechi zao nyingi za nyumbani hapa huanza karibu saa kumi na moja alfajiri, na alamu nimeshaiweka.

Mama naye ana msimu wake. Kila mwaka hunipigia kabla chuo hakijafunguliwa. "Mwaka huu unarudi?" Miaka minne nimemjibu, "Tutaona, mum." Nilidhani hilo ni jibu la matumaini. Ni jibu la lori lililozima injini.

Wiki iliyopita niliandika barua ya kuomba kurudishwa chuoni. Ukurasa mmoja. Mimi ambaye nilikuwa namaliza kurasa nane kwa usiku mmoja kwa jina la mtu mwingine, huo mmoja wa jina langu ulinichukua siku tatu. Niliupeleka mwenyewe, nikamwomba karani anigongee mhuri kwenye kopi. Akaniuliza wa nini, kwani ni kesi?

Nikamwambia ndiyo, kama hiyo.