Mapacha wa Sinema na Mapacha wa Kweli

Hadithi ya ndugu waliotenganishwa wangali wachanga ni ya kale. Plautus wa Roma aliwachekesha watu kwa mapacha waliopoteana, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Shakespeare akaichukua hadithi hiyo hiyo. Karne ya 20 ikaipeleka angani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni sinema za Star Wars za Mmarekani George Lucas. Katika ile ya kwanza, ya 1977, Luke ni kijana wa shambani na Leia ni binti wa kifalme, wala hakuna dalili ya udugu. Katika ya pili, ya 1980, Leia anambusu Luke mdomoni! Mwandishi Leigh Brackett, katika rasimu ya sinema hiyo aliyoiandika 1978, alimtaja dada pacha wa Luke, lakini dada huyo hakuwa Leia. Ni 1983 tu, katika sinema ya tatu, watazamaji walipoambiwa kwamba wawili hao ni pacha, na kwamba walifichwa mbali na baba yao ili wasalimike.

Kwa hiyo udugu ule ulibuniwa njiani. Mtunzi ana ruhusa hiyo, kwani wahusika wake hawana machozi. Ninalouliza mimi ni hili: je, binadamu wa kweli naye aweza kupangiwa udugu kwa kalamu?

Ndugu msomaji, jambo hilo limetendeka. Katika miaka ya 1960 huko New York, shirika la kuwatafutia watoto wazazi wa kulea, Louise Wise Services, liliwagawa mapacha kwa familia mbalimbali. Daktari Peter Neubauer na wenzake wakawafuatilia watoto hao majumbani, wakiwapima na kuwapiga picha. Wazazi waliambiwa kwamba ni uchunguzi wa makuzi ya mtoto. Hawakuambiwa kwamba mtoto wao ana pacha mtaa mwingine. Vijana watatu waliozaliwa tumbo moja 1961 walikutana kwa bahati tu mwaka 1980, wakiwa na umri wa miaka 19. Magazeti yalishangilia. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki.

Kumbukumbu za utafiti ule zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Yale, na sehemu kubwa imefungwa hadi 2065. Wenyewe watakuwa na umri wa takriban miaka 100, kama watakuwa hai.

Sinema humalizika kwa ndugu kutambuana, taa zikawashwa, watu wakaenda zao. Maishani, miaka iliyopotea hairudishwi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unataja, katika kifungu cha 8, haki ya mtoto kuhifadhiwa utambulisho wake, pamoja na uhusiano wa kifamilia. Nasema kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya mapambo. Elimu inayoanza kwa kumficha mtu ndugu yake ni wizi, hata ikivaa koti jeupe.