Pwani kila msimu una mbu wake

MVUA za masika zinapoanza kunyesha Malindi na Kilifi, kwa kawaida mwezi wa Aprili, wakazi hujiandaa kwa mbu. Zinapokoma, wengi huvipa vyandarua kisogo. Mazoea hayo ni ya hatari, kwani katika miji ya Pwani kila msimu una mbu wake.

Anopheles gambiae, aenezaye malaria, ndiye mbu wa mvua. Hutaga mayai katika vidimbwi vipya vilivyo juani, kama vile alama za magurudumu barabarani na nyayo za ng’ombe. Kwa joto la Pwani, yai huwa mbu kamili baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo mbu hawa huongezeka wiki kadhaa baada ya masika kuanza, na vivyo hivyo wakati wa vuli, kuanzia Oktoba. Mvua kubwa mno huweza hata kuwasomba viluwiluwi.

Vidimbwi vikikauka, nduguye, Anopheles funestus, huendelea kuzaliana katika maji ya kudumu yenye majani.

Mjini, binadamu huwaandalia mbu maji hata pasipo mvua. Utafiti uliofanywa Malindi katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa bila kutumiwa yalikuwa miongoni mwa mazalia yao. Naye Culex quinquefasciatus, aumaye usiku na kueneza matende na mabusha, hustawi katika mashimo ya vyoo na maji taka mwaka mzima.

Kiangazi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi, nacho si salama. Maji yanapoadimika, watu huyaweka katika mapipa na mitungi, na humo huzaliana Aedes aegypti, aenezaye homa ya dengi na chikungunya. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa yanapopata maji.

Mwaka wa 2004, chikungunya ilizuka Lamu baada ya kipindi cha ukame na joto lisilo la kawaida, kisha ikafika Mombasa. Uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa takriban asilimia 75 ya wakazi wa Lamu waliambukizwa. Wataalamu waliuhusisha mkurupuko huo na maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Na kwa kuwa Aedes huuma mchana, chandarua cha usiku hakitoshi kumkinga mtu.

Mjini Malindi, vikundi vya wakazi vilipata kuungana chini ya mwavuli wa Punguza Mbu na Malaria Malindi ili kuangamiza mazalia. Kazi ya namna hiyo yahitaji kufuata kalenda: kufukia vidimbwi wakati wa mvua, kufunika mapipa na kuyasugua kila wiki wakati wa kiangazi, na kuziba mashimo ya maji taka mwaka mzima. Chandarua nacho kisikunjwe msimu wowote.