Kutia Alama Katika Picha za Skrini (Kitui na Makueni)

Kutia alama katika picha ya skrini ni kazi ya kuinakili sura ya kioo cha kompyuta kama ilivyo kwa wakati ule, kisha kuchora juu yake mshale, duara, mstari au maneno machache, ili mtu aliye baidi alione kwa macho yake jambo ambalo maelezo ya mdomo yangelifanya kuwa refu na lenye shaka. Katika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, ambako hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 1,136,187 katika ile ya kwanza na 987,653 katika ile ya pili, kazi hii imepata umuhimu ambao huenda wabunifu wa programu zake hawakuutazamia. Kitui peke yake ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, sehemu kubwa yake nchi kame, na aghalabu anayehitaji msaada wa kompyuta yuko mji mmoja, hali anayejua kumsaidia yuko mji mwingine.

Haja hiyo imezidi kwa sababu serikali imezihamishia huduma zake mtandaoni. Ritani za kodi hupelekwa kwa mfumo wa iTax. Wanafunzi, wakiwemo wale wanaotaraji kuingia Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopo Kwa Vonza, huchagua kozi katika tovuti ya KUCCPS. Na tovuti ya serikali ya eCitizen, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilitangazwa mwezi Juni 2023 kuwa imekusanya huduma zaidi ya 5,000. Asiye na kompyuta nyumbani huenda saiba, yaani duka la kukodisha kompyuta na intaneti, awe Wote, Makindu, Mwingi au Mutomo, naye akikwama humtumia picha jamaa yake mwenye ujuzi.

Mfano mmoja watosha kuidhihirisha faida yake. Mwalimu wa Mutomo anayetaka kupeleka ritani yake kabla ya tarehe 30 Juni, akichagua njia ya kupakua fomu ya Excel, huijaza kwa takwimu za P9, hati ya mshahara na kodi aliyopewa na mwajiri, kisha hubofya kitufe cha kuthibitisha, na kitufe kisiitikie. Mara nyingi sababu ni utepe mwembamba wa rangi ya manjano uliotanda juu ya karatasi, unaoomba idhini ya kuziruhusu amri zilizofichwa ndani ya faili zifanye kazi. Maadamu idhini haijatolewa, fomu haithibitishi chochote. Nduguye aliye Wote, akielezwa kwa simu kwamba "fomu imekataa", atauliza maswali mengi na kupata majibu ya kukisia, kwa maana anayeulizwa hauoni utepe huo wala hajui kwamba ni jambo la kutajwa. Akiletewa picha ya skrini atautambua mara moja, atauzungushia duara jekundu, ataandika kando yake "bofya hapa kwanza", na kuirudisha. Hapo ndipo thamani ya alama inapokuwa bayana, kwani picha tupu humwonyesha mjuzi peke yake, lakini picha iliyotiwa alama humwonyesha hata asiyejua.

Ala za kazi hii zimo ndani ya kompyuta yenyewe, bila gharama wala haja ya kupakua kitu, nalo ni jambo la kushukuriwa na kila anayenunua intaneti kwa bando. Kitufe cha PrtSc huinakili skrini nzima katika kumbukumbu ya muda, na kutoka huko picha hubandikwa katika Paint, programu iliyofuatana na Windows tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1985, na ambayo katika Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuwa na mishale iliyo tayari kuchorwa. Snipping Tool, iliyokuwamo katika Windows Vista ya mwaka 2007, ilimwezesha mtumiaji kukata kipande tu cha skrini na kukiandika kwa kalamu. Katika Windows 10 na 11, vitufe vya Windows, Shift na S vikibonyezwa pamoja, skrini hufifia, na eneo litakiwalo huzungushiwa kwa kipanya. Wenye Mac, tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, hubonyeza Shift, Command na 5. Kwenye kompyuta kuukuu zilizokwisha tumika ng'ambo, ambazo bado zimo katika saiba za miji midogo, Paint haijapitwa na wakati, nami naiona kuwa ndiyo mwalimu bora wa anayeanza.

Mchoraji mzuri hutia alama chache. Mshale mmoja mnene humwongoza mtu, lakini mishale saba humpoteza. Hatua zikiwa kadhaa, afadhali tarakimu 1, 2 na 3 kuliko mistari inayokatana. Kipande kikatwe kiwe kidogo, ila kibaki na kichwa cha ukurasa ili mpokeaji ajue yupo wapi. Maelezo yaandikwe kwa lugha anayoielewa msomaji, Kiswahili au Kikamba, hata kama ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza. Kadhalika, WhatsApp huibana picha inapoituma, na herufi ndogo za skrini nzima hufifia zisisomeke. Dawa yake ni kukata kipande kabla ya kutuma, au kuituma picha kama hati.

Jambo zito kuliko hayo yote ni kusitiri. Picha ya iTax ina PIN ya mtu, yenye herufi na tarakimu 11. Ya eCitizen ina namba ya kitambulisho. Ya malipo ina namba ya simu na jina kamili. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka wajibu juu ya wanaoshughulikia habari za watu, kwa hiyo saiba inayopokea siri za wateja imepokea amana. Kalamu ya kukoleza, hata ikiwa nyeusi, haifai kwa kusitiri: wino wake hupenyeza nuru, na anayeuongeza mwangaza wa picha aweza kuzisoma tarakimu zilizo chini yake. Ukungu wa kufifisha maandishi nao si pazia la yakini. Kinachositiri kweli ni mstatili uliojazwa rangi nzito kabisa, kisha picha ikahifadhiwa kama faili mpya. Mwezi Machi 2023 ilidhihirika kwamba picha iliyokatwa kwa Snipping Tool ya Windows 11, ikihifadhiwa juu ya faili ile ile, ilibakiza ndani yake baadhi ya data ya sehemu iliyokatwa. Microsoft walilirekebisha kosa hilo mwezi huo huo, lakini picha zilizotumwa kabla yake zilibaki zilivyo.

Tena, katika kompyuta ya umma, nakala isiyositiriwa huweza kubaki baada ya mwenyewe kuondoka. Snipping Tool ya Windows 11 hujihifadhia picha ya asili katika folda ya picha za skrini bila kuombwa, na historia ya kumbukumbu ya muda, ikiwa imewashwa, huweka hadi vitu 25, vinavyofunguliwa na yeyote kwa vitufe vya Windows na V. Anayemaliza kazi yake saiba aifute picha ya asili pamoja na historia hiyo, na aiondoe pia faili iliyobaki katika pipa la taka.