Adapta iliyoua kompyuta yake yenyewe

Commodore 64 ilipooneshwa Las Vegas Januari 1982, kilichowashtua washindani ni bei: dola 595 kwa mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64. Mwaka uliofuata ilishuka hadi karibu dola 200. Jack Tramiel, mwanzilishi wa Commodore aliyenusurika kambi ya Auschwitz, alitaka kompyuta ya kila nyumba, na alijulikana kwa kubana kila senti.

Kwenye adapta, ubanaji ulipitiliza. Ile ya awali ni boksi zito lenye transfoma na kidhibiti cha volti, vyote vimezamishwa ndani ya epoksi iliyoganda. Joto halina pa kutokea, fundi naye hana pa kuingilia.

Adapta nyingi zikifa hukata umeme, basi. Hii hufa vibaya zaidi. Inapaswa kutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC, lakini kidhibiti kikichoka kwa joto la miaka, zile volti 5 huanza kupanda. Ndani ya kompyuta hakuna kinga ya kuzizuia. Zinapita kwenye swichi na kufika moja kwa moja kwenye chipu. Chipu nane za kumbukumbu mara nyingi ndizo za kwanza kuungua. Mwenye mashine anaona skrini nyeusi, anabadilishiwa chipu, kisha anaichomeka tena kwenye adapta ileile!

Ndiyo maana fundi makini huanza na plagi. Anaichomoa kwenye kompyuta, anaweka waya mweusi wa mita kwenye pini ya 2, ambayo ni ethi, na mwekundu kwenye pini ya 5. Kati ya volti 4.75 na 5.25, sawa. Ila asiridhike haraka, kwani adapta isiyobeba mzigo inaweza kusoma vizuri na kuharibika ikishapata moto.

Taa ya mbele nayo hudanganya. Inategemea volti 5 tu, kwa hiyo fyuzi ya volti 9 ikikatika, taa inawaka na kwenye bodi za zamani picha haiji. Ethi pia isisahauliwe. Kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa, pima kati ya pini ya 2 ya soketi yake na kopo la bati la moduleta ya televisheni: mita isome karibu ohimu sifuri. Ikizidi, tafuta lehemu iliyopasuka nyuma ya soketi.

Commodore ilifilisika Aprili 1994, lakini adapta zake bado zinauzwa minadani pamoja na mashine. Ukiipata, usiichokonoe, maana ndani mna umeme wa ukutani, na usiijaribu kwa kompyuta nzima. Nunua mpya yenye kinga ya kukata volti zikizidi, ndipo uwashe.