Kitambaa cha Kashani: Marubani wa Guangzhou na Hadithi ya Babu Yetu

Wengi wenu mliokulia Mombasa, kabla ukoo haujatawanyika Maskati, Dubai na Uingereza, mnalikumbuka kasha la msaji lenye njumu za shaba lililokuwa chumbani mwa bibi. Chini ya nguo za Idi palikuwa na kitambaa cha rangi ya udongo, kikubwa kama msala, kimefungwa pamoja na nishani yenye umbo la nyota. Sote tuliambiwa kwamba hilo ni parachuti la babu, aliyerusha ndege katika vita vya Burma. Nami niliipokea hadithi hiyo, nikawasimulia wanangu, na miaka michache iliyopita nikaiandika humu katika makala ya nasaba. Leo naandika kuisahihisha. Itanibidi nianzie mbali, mjini Guangzhou, kwa kuwa huko ndiko nilikofundishwa namna ya kukitazama kitambaa.

Nilikwenda kumsindikiza mpwa wangu, ambaye hununua taa na vigae huko na Kichina anakisema kama mwenyeji. Jamaa zetu wafanyabiashara wanaijua Guangzhou ya Xiaobei na Sanyuanli, ya maghala na mizani ya mizigo. Mimi, mtu mzima nisiye na bidhaa, nilipelekwa kwenye soko linaloanza usiku wa manane na kuvunjwa jua linapochomoza. Watu hutandika magazeti chini na kupanga juu yake saa mbovu, vitabu, birika, picha za watu wasiojulikana, na mabaki ya vita. Wanunuzi hupita na tochi.

Muuzaji mmoja alinifunulia kipande cha hariri. Juu yake palikuwa na bendera ya China ya zama zile, nyekundu, yenye jua jeupe katika pembe ya samawati, na chini yake herufi zilizosimama wima na muhuri. Mpwa wangu alinisomea maana yake: mgeni huyu amekuja China kusaidia vita, basi askari na raia wote wamwokoe na wamlinde. Vitambaa vya namna hii walipewa marubani wa kigeni waliojitolea kuipigania China tangu mwaka 1937, na baadaye wale wa kikosi cha Marekani kilichopata umaarufu kwa jina la Flying Tigers, kilichopigana kuanzia Disemba 1941 hadi Julai 1942 kutoka Kunming na Rangoon. Rubani alikishona kwenye koti lake. Akiangushwa mahali asipojua hata kuomba maji, kitambaa kilisema kwa niaba yake.

Kwa kweli nilikitambua kabla sijasomewa. Nyumbani kwa jamaa mmoja Maskati nimewahi kushika barua ya Kiarabu ya aina hiyohiyo, waliyopewa wanahewa wa Kiingereza waliopita juu ya majangwa. Inawaanza Waarabu wote kwa salamu, inamtaja aliyeichukua kuwa ni rafiki, inaomba apewe chakula na maji na afikishwe kwa askari wa Kiingereza walio karibu, na inaahidi malipo mema. Waingereza waliorusha ndege Iraki walikuwa na mila hii tangu wakati wa Vita vya Kwanza. Sisi tuliosoma chuoni hatuhitaji kuelezwa. Katika fiqhi, amani ni ahadi ya ulinzi anayopewa mgeni, na akishapewa, damu yake imehifadhika. Kwa hiyo kile cha Guangzhou nakiita kitambaa cha amani.

Muuzaji alisema chake kilikuwa cha rubani wa Flying Tigers, na akataja bei ya kunitoa jasho. Mpwa wangu akakimulika kwa tochi. Vitambaa vya kweli vya kikosi kile vilipigwa nambari, kila kimoja na yake, kwa muhuri wa mkono, na wino wa nambari ni tofauti na wino wa maandishi. Hiki nambari yake ilikuwa imechapwa pamoja na bendera, wino mmoja, mashine moja. Alipoona tunasita, yule bwana akatoa cha pili, kisha cha tatu, ili tuchague. Vyote vitatu vilikuwa na nambari moja. Tukacheka naye akacheka, akatumiminia chai.

Miaka yangu yote ya kazi niliketi nyuma ya daftari, kwa hiyo jambo lile halikunitoka. Mkusanyaji makini hanunui hariri, hununua nambari, kwa kuwa nambari ndiyo inayomfikisha kwenye orodha, orodha ikamfikisha kwenye jina, na jina likamfikisha kwenye picha, barua, kaburi, na wajukuu walio hai. Mnyororo huo ukikatika pete moja, alichonacho ni nguo tu. Na katika mji ule nilikumbuka kwamba hata sisi Waislamu tuna pete zilizokatika. Huko Guangzhou kuna kaburi linalozuriwa sana, ambalo wenyeji wanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Nilisimama pale nikasoma Fatiha. Lakini wanahistoria wetu wanasema Saad alifariki Al-Aqiq karibu na Madina na akazikwa Baqii. Aliyelala pale Mungu anamjua, na Fatiha haipotei njia.

Kesho yake nilimwomba mpwa wangu anionyeshe zilikotoka ndege zenyewe. Akanipeleka Dashatou, kando ya mto. Jamaa zetu wanaonunua simu kuukuu kwa mamia wanakujua vizuri, na nadhani ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba walikuwa wakipiga bei juu ya uwanja wa ndege. Hapo ndipo mwaka 1923 ilipojaribiwa ndege iliyoundwa Guangzhou kwa ajili ya serikali ya Sun Yat-sen, ikaitwa Rosamonde, jina la Kiingereza la mkewe, Soong Ching-ling. Mwaka uliofuata ikafunguliwa hapo shule ya urubani wa kijeshi. Uwanja mwingine wa ndege ulikuwa Tianhe, na leo ni uwanja wa michezo. Mji huu ulianza kupigwa mabomu na Wajapani tarehe 31 Agosti 1937, ukatekwa tarehe 21 Oktoba 1938. Baada ya hapo mambo yakageuka, ndege za Wamarekani zikawa ndizo zinazokuja kuvipiga viwanja vyake.

Sasa tazameni marubani wenyewe walikuwa kina nani. Aliyesimamia ujenzi wa Rosamonde, Yang Xianyi, alizaliwa Hawaii. Feng Ru, ambaye Wachina humhesabu kuwa rubani wao wa kwanza, alitoka wilaya ya Enping katika jimbo hilohilo la Guangdong, akavuka bahari kwenda California akiwa mtoto, akaunda ndege yake na kuirusha Oakland mwezi Septemba 1909. Alirudi na ndege yake mwaka 1911, akafa kwa ajali mjini Guangzhou tarehe 25 Agosti 1912. Amezikwa Huanghuagang, katika makaburi ya mashahidi wa mapinduzi. Hawa walikuwa watoto wa wahamiaji kama sisi. Baba alikwenda kutafuta riziki ng'ambo, mwana akarudi kupigania mji ambao pengine hakuwahi kuuona.

Aliyenishika moyo zaidi ni mmoja wao aliyezaliwa Portland, Oregon, mwaka 1913. Baba yake alitoka Taishan, kusini ya Guangzhou, na mama yake alikuwa na asili ya Peru. Japani ilipoivamia Manchuria mwaka 1931, Wachina wa Portland walichanga fedha ili vijana wao wajifunze kurusha ndege. Kijana huyu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1932 akafika China na kuingia jeshi la anga la jimbo la Guangdong, kabla halijaunganishwa na la taifa mwaka 1936. Alirusha Gladiator za Kiingereza, ndege zenye mabawa mawili, mawili kila upande, zilizokuwa zimekwisha pitwa na wakati. Katika pigano moja la mwaka 1938 aliigonga ndege ya Kijapani kwa ndege yake, akajiokoa kwa parachuti. Husimuliwa kwamba aliokota bunduki ya rashasha katika mabaki ya ndege yake, akaibeba hadi kwa Chennault, Mmarekani aliyekuja kuwa kamanda wa Flying Tigers, akamwomba ndege nyingine ya kuifungia. Siwezi kuidhamini hadithi hiyo, ila nimeipenda.

Yanayofuata yamethibiti. Tarehe 27 Disemba 1939, juu ya kipito cha Kunlun huko Guangxi, ndege yake iliwaka moto. Aliruka akiwa ameungua uso na mikono. Alipokuwa bado mgonjwa kitandani, Wajapani walikuja kupiga mabomu, na mkewe akamfunika kwa mwili wake. Mke akafa, mume akapona. Alipelekwa Hong Kong kutibiwa, na Hong Kong nayo ikaanguka Disemba 1941. Hatimaye alifika Marekani, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, na kabla vita havijesha akarudi tena angani, akirusha ndege za mizigo juu ya milima kati ya India na China. Baada ya vita alirudi Portland, akaajiriwa posta.

Mtu huyu ukimtafuta katika karatasi za Marekani utamkuta anaitwa Arthur Chin. Kwa Kikantoni ni Chan Sui-tin. Katika vitabu vya leo vya China ni Chen Ruidian. Asiyejua atahesabu marubani watatu, na wapo wanaouza vitu vya mmoja bila kujua kwamba ni vya mwingine. Ndivyo pia kwa Hazel Ying Lee, binti wa Portland, ambaye Wachina humwita Li Yueying. Alipata leseni ya urubani mwaka 1932, akaja Guangzhou kujitolea, jeshi likamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Alikuwapo mjini mabomu yalipoanza. Akarudi Marekani na kuingia katika kikosi cha wanawake waliosafirisha ndege za jeshi, akafa tarehe 25 Novemba 1944 kwa majeraha ya ajali ya siku mbili nyuma. Siku chache baadaye familia ikaletewa habari kwamba kaka yake ameuawa Ufaransa. Walipotaka kuwazika, makaburi waliyoyachagua yaliwakatalia kwa sababu hawakuwa wazungu, na ikawabidi kupigania shimo la ardhi kwa ajili ya watu wawili waliokufa wakiitumikia nchi hiyo. Walishinda.

Nilimuuliza mpwa wangu, watafiti wanawezaje kuunganisha majina haya? Akanijibu kwamba herufi za Kichina hazibadiliki. Karani wa bandarini huandika anavyosikia, lakini jina lililoandikwa kwa kalamu ya Kichina katika kitabu cha nasaba cha kijijini linabaki lilivyo, pamoja na jina la kijiji.

Hapo nilinyamaza muda. Katika ofisi niliyofanya kazi fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya majina, nami kwa mkono huu nimekata majina ya mababu wa watu ili yaenee. Nimewaandika ndugu wa baba mmoja kwa tahajia mbili, kwa sababu mmoja alikuja Jumatatu na mwingine Alhamisi. Wajukuu wao huenda leo wanatafutana.

Niliporejea nililifungua kasha. Nilikipeleka kitambaa mwangani na kukivuta uzi. Si hariri. Ni nyuzi zilezile za magunia. Jeshi la Kumi na Nne huko Burma lilipokosa maparachuti ya kutosha ya kuteremshia mizigo, liliagiza yashonwe kwa nyuzi hizo katika viwanda vya Calcutta. Yalifaa kwa mchele na risasi, hayakukusudiwa kumbeba mtu. Nishani ni Burma Star, na nyuma yake hakuna jina, maana Waingereza hawakuzichonga nyota za Vita vya Pili, tofauti na nishani za Vita vya Kwanza ambazo walizichonga jina na nambari ya askari. Nikaanza kuandika barua. Mwishowe, kwa binti wa shangazi yetu Tanga, ikapatikana hati ya babu ya kuachishwa jeshi. Hatukuijua kuwa ni yake kwa sababu jina limeanza kwa H badala ya A, na la babu yake limeachwa. Nyuma yake, kwa wino mwingine, mtu ameandika jina kamili kwa herufi za Kiarabu, hadi babu wa nne. Kazi: askari wa miguu, King's African Rifles.

Basi babu hakurusha ndege. Alikwenda kwa miguu katika bonde la Kabaw, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakati wa masika ya huko ya mwaka 1944, magari yakiwa yamezama matopeni na chakula kikidondoshwa kutoka angani. Divisheni hiyo iliingia Kalewa mwanzoni mwa Disemba. Kitambaa kilikuja na mlo.

Shangazi yetu wa Maskati amekasirika. Amenipigia simu akaniambia, "Umemtoa babu mbinguni ukamtia matopeni." Nimemjibu kwa adabu inayomstahili, na bado hajaniwia radhi.

Arthur Chin alifariki mwaka 1997, na mwaka 2008 jengo la posta la Beaverton, Oregon, likapewa jina lake. Kitambaa chetu nimekirudisha kashani pamoja na nakala ya hati, majina yote yakiwa kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, na makala ya zamani nimeiondoa. Aliye na barua au picha ya babu ya kati ya mwaka 1943 na 1946, tafadhali aipige picha mbele na nyuma, hata kama jina lililoandikwa halifanani na lake, aniletee.